Mhariri, hata sisi wafu tunasoma gazeti lako

Ndugu Mhariri,

Najua mnasema barua isiyo na jina kamili haichapishwi, sasa jina langu mnalo tayari, mlilichapa wenyewe kwenye ukurasa wa matangazo ya tanzia, picha ile nimevaa gauni la njano natazama pembeni. Nitarudi kwenye hilo tangazo baadae maana lina kosa. Kwanza niseme kilichonifanya nishike kalamu, yani ile makala ya Jumamosi kwenye safu ya mwandishi wenu, yenye kichwa cha habari kwamba wafu wakae makaburini. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikanyamaza, ya tatu nikaanza kuhesabu makosa, na mimi nikianza kuhesabu kitu huwa siachi, ni tatizo nililonalo, nitaeleza.

Mwandishi wenu anatuita misukule. Hapo tu keshapotea njia. Msukule kama tunavyomjua wote ni mtu aliyechukuliwa akafichwa, anafanyishwa kazi na mwenyewe hana habari, ana bwana wake. Mimi sina bwana, kodi nalipa mwenyewe. Na hilo la kufanyishwa kazi baada ya kufa sio la kufanyia mzaha, zombi tunayemjua leo katokea Haiti, kwa watu waliokuwa watumwa kwenye mashamba ya miwa, ambao kwao kufa ndo ilikua njia ya kutoka pale, sasa fikiria unaambiwa hata ukifa kuna mtu anaweza kukuamsha akakurudisha shambani. Hofu yenyewe ilikua hiyo. Mambo ya kula ubongo waliyaleta watu wa filamu baadae sana. Sheria ya jinai ya Haiti ya karne ya 19 mpaka iliweka kifungu, namba 246, kwamba ukimpa mtu kitu kikamlaza kama maiti bila kumuua unahesabika umejaribu kumuua, na akizikwa basi ni mauaji kabisa. Watu walilichukulia serious kuliko safu yenu.

Alafu kucha. Anasema tunatambulika kwa kucha ndefu zinazoendelea kuota kaburini. Mhariri, mimi nilitoka kwa mikono yangu, usiku wa tatu, mwili ulikua umeshaacha kukakamaa (kukakamaa kunaanza kwenye kope na taya, kunashuka mpaka kunakamata mwili mzima, alafu siku mbili hivi kunaachia kwenyewe, nadhani ndo maana hakuna anayeamka siku ya kwanza, utaamka uende wapi na goti halikunji). Wakati natoka kucha tatu zilikatika, mkono wa kulia, cha shahada, cha kati na cha mwisho. Mpaka leo hazijaota na haziwezi kuota, kucha inataka mwili unaotengeneza seli mpya na wangu umegoma. Kinachotokea kwa maiti ni ngozi kukauka na kurudi nyuma, kwa hiyo kucha inaonekana kama imesogea mbele, na ndevu hivyo hivyo. Kwahiyo mimi nabandika za bandia, natembea na gundi kwenye mkoba, na moja ikibanduka niko kwenye basi naficha mkono kwapani kama nimeiba kitu. Huyo ndo mnyama wa kutisha.

Aliyenipokea ni bibi mmoja anayekaa chumba cha chini kabisa kwenye jengo ninaloishi sasa, sitasema jengo gani. Amekufa tangu enzi za taa za mafuta. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi usiku, bado nina nguo nilizozikiwa, udongo mpaka masikioni, na swali lake la kwanza halikuwa nani kakuua wala umerudije, aliniuliza tu, "Mwanangu, unapepesa macho?" Sikuwa napepesa. Toka nimeamka nilikua sijapepesa hata mara moja na sikujua, mboni zimekauka kama karatasi. Nikamwambia shikamoo bibi, sijui. Akasema marahaba, njoo ndani basi ujue.

Wiki mbili nzima tulikaa chumbani kwake ananihesabia. Vuta. Toa. Pepesa. Meza mate. Hamishia uzito mguu wa pili. Mtu hai anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika na wala hafikirii, mimi nafikiria kila moja, na nikijisahau katikati ya maongezi sauti inakatika ghafla kama simu iliyoishiwa salio, manake sauti inataka hewa na hewa sikuvuta. Kingine sikuwahi kujua nikiwa hai, ni kwamba watu hawasimami tuli. Wanayumba kidogo kidogo wakati wote, wanajikuna, wanashika shingo. Ukisimama tuli kabisa kwenye foleni watu wanaanza kukuachia nafasi mbele na nyuma na ukiwauliza kwanini hawana jibu. Bibi anasema hiyo ndo inayotukamatisha, sio meno.

Meno yenyewe ni ya kawaida, na lile swali ambalo najua unalo, Mhariri, la ninakula nini, silijibu. Nitasema tu hakuna jirani aliyepungua.

Na jua. Mwandishi wenu kaandika kwa uhakika kabisa kwamba jua linatuunguza tunakuwa majivu. Hilo limetoka kwenye filamu moja ya Kijerumani isiyo na sauti ya mwaka 1922, kabla ya hapo hadithi zenyewe za wafu wanaotembea hazikuwa na habari ya kuuawa na jua. Mimi jua linanikausha tu. Napaka mafuta mengi, navaa mikono mirefu, natembea upande wa kivuli, kama watu wengi tu wanavyofanya.

Sasa nije kwenye kilichonikera hasa, ile aya ya mwisho aliposema wazee wa zamani walijua dawa yetu, mti kifuani, mundu shingoni na kufuli mguuni, tena akaweka na alama ya kucheka. Naomba niongee na magazeti kwa ujumla hapa, kwa sababu ninyi ndo mlioianza hii habari. Mwaka 1725 kijiji kimoja cha Serbia kinaitwa Kisiljevo alikufa mtu jina lake Peter Plogojowitz, ndani ya siku nane wakafa wengine tisa, kijiji kikasema ni yeye anawakaba usiku. Wakamfukua mbele ya ofisa wa serikali ya Austria, iliyokua inatawala pale. Wakaona damu mdomoni, wakaona ndevu na kucha "zimeota", wakampiga mti wakamchoma moto. Ofisa akaandika ripoti, na mwishoni akaomba kwamba kama kuna kosa limefanyika asilaumiwe yeye, walaumiwe wanakijiji waliokuwa wamechanganyikiwa na hofu. Na gazeti moja la Vienna likaichapa Julai ya mwaka huohuo. Miaka saba baadae, 1732, ikatoka nyingine ya madaktari wa jeshi kutoka hukohuko Serbia, hiyo ikazunguka Ulaya mpaka magazeti ya London. Wasomaji wengi hawakuambiwa kwamba maiti ikivimba gesi zinasukuma majimaji mekundu yanatokea mdomoni na puani, na ukiichoma na mti hewa iliyobaki inapita kooni inatoa sauti kama mtu anaguna. Mpaka mwaka 1755 ndo daktari wa malkia wa Austria Maria Theresa, jina lake Gerard van Swieten, akaandika kwamba ni ujinga mtupu, na malkia akapiga marufuku kufukua watu na kuwachoma. Bibi akisimuliwa habari za huyo daktari huwa anamuombea dua kabisa.

Kuhusu kufuli. Mwaka 2022 wachimbaji wa mambo ya kale huko Polandi, kijiji cha Pień, walifukua kaburi la karne ya 17 wakakuta mwanamke kijana, mundu umelazwa juu ya shingo yake makali yakiangalia koo ili akiinuka tu ajikate, na kufuli kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Wanakadiria alikua na miaka 18 mpaka 20. Wakatengeneza sura yake kutoka kwenye fuvu na wenyeji wa pale wakampa jina, wanamwita Zosia. Nimeiangalia ile sura kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Mtu alikaa chini akawaza, akaenda kutafuta kufuli dogo la kuenea kidole cha mguu cha binti, akalifunga, sijui ufunguo alienda kuuweka wapi. Mimi kidole changu hichohicho cha kushoto nikivaa soksi siku hizi nakishika kwanza.

Na Mercy Brown je, wa Exeter, Rhode Island, Marekani? Miaka 19. Alikufa na kifua kikuu Januari 1892, mama yake na dada yake walishatangulia kwa ugonjwa huohuo, na kaka yake Edwin alikua anaumwa. Machi wakamtoa, wakaona hajaoza, na angeozaje Januari mpaka Machi kwenye baridi ya kule na alikua amehifadhiwa kwenye chumba cha maiti juu ya ardhi. Wakatoa moyo na ini wakachoma, majivu wakamchanganyia kaka yake anywe kama dawa. Edwin akafa Mei. Na daktari wa Kijerumani Robert Koch alishatangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, miaka kumi kabla! Mercy hakuamka. Hakumfanya mtu chochote, alikufa tu. Ndo ninachotaka mwandishi wenu akisikie, kwamba hao waliofanyiwa hiyo dawa ya wazee, hakuna hata mmoja aliyekuwa kama mimi, walikua wagonjwa na wafu wa kawaida. Sisi wenyewe hamkutupata, tulikua tumejificha tunajifunza kupepesa macho.

Kujificha kwenyewe ndo kugumu, ngoja niseme. Watu wanadhani sisi tunakaa kundi moja kama chama cha siri, tunakutana, tunajuana. Wapi. Kila mtu anajificha mpaka kwa mwenzake. Nilikaa kwenye lile jengo miezi nane nikijua niko mimi na Bibi tu. Sasa kwenye korido ya ghorofa ya tatu waliweka zile taa zinazowaka zenyewe mtu akipita, zinasoma joto la mwili, na mimi joto langu ni la chumba, kwahiyo mimi napita gizani kila siku nishazoea. Usiku mmoja narudi, giza kama kawaida, nikasikia funguo mbele yangu. Nikasimama. Na yeye akasimama. Ni yule kaka wa mlango wa mwisho, ambaye kila siku tunaambiana habari za kazi, nzuri, basi kila mtu anapita. Taa haikuwa imewaka. Tukabaki tunaangaliana kwenye mwanga wa dirisha, mimi natafuta neno la kusema, na hapo nikagundua wote wawili tumesahau kupumua. Akasema, "We nawe?" Nikamwambia mimi nawe. Tukacheka mpaka tukakaa chini, na taa bado haijawaka. Miezi nane Mhariri, tunapishana na habari za kazi!

Toka siku hiyo ndo nikaanza kuwajua wengine. Kuna mzee mlinzi wa getini, ni zimwi, kwa kweli ni zimwi haswa, na ule msemo wetu wa zimwi likujualo nilikua nausema toka mtoto bila kuuelewa mpaka siku aliponisindikiza saa nane usiku nimefuatwa na wanaume wawili. Hakuwagusa. Aligeuka tu akawaambia habari za usiku vijana. Kuna fundi simu mmoja, huyo ni wa kugeuka mbwa mwitu, mwezi mpevu ukifika hayupo, na shida yake kubwa ni kazini, kwa sababu mwezi mpevu unarudi kila baada ya siku 29 na nusu, haufuati kalenda ya mshahara, kuna mwezi unakuta ameomba ruhusa mara mbili na bosi ameshaanza kuuliza kwani wewe una ndugu wangapi wa kuzika. Anasema Februari 2018 ilipita nzima bila mwezi mpevu, alilala kitandani kwake usiku zote 28, anaisimulia kama wengine wanavyosimulia harusi yao. Ya namna hiyo tena ni 2037, ameshaandika ukutani. Taa za korido yeye zinamuwakia tu fasta, ana joto kama pasi.

Bibi alikua na kipindi chake kigumu mwaka 2020, ule wakati wa corona kila mlango unapimwa joto kwenye paji la uso. Ilibidi awe anatembea na chupa ya maji ya moto ndani ya kitambaa, anajikanda paji hatua chache kabla ya mlango. Siku moja alizidisha, kipimo kikasoma 40, wakamkimbiza.

Na mimi nimeahidi kueleza habari ya kuhesabu. Kuna imani ya zamani sehemu nyingi Ulaya kwamba ukimwaga mbegu njiani au kaburini, mfu anayetembea lazima azihesabu zote kabla hajaendelea, watu walikua wanamwaga mpaka za mtama. Nilidhani ni porojo kama za kucha. Mwezi uliopita mtoto wa jirani, jirani hai, shanga zilimkatikia kwenye ngazi, zikatawanyika mpaka chini, nyekundu na nyeupe, na mimi ndo napanda na nimechelewa kazini. Mhariri nilishindwa kuinua mguu. Nikapiga magoti, moja, mbili, tatu, mtoto akadhani namsaidia akafurahi akakaa pembeni ananishikia kikombe natia humo. Zilikua 316. Kila nikisema nimemaliza naiona nyingine ufa wa ngazi. Mama yake akatoka akanikuta nimelala kifudifudi nachokonoa ufa na pini ya nywele, akasema jamani dada una moyo wa ajabu, watu kama wewe hawapo siku hizi. Nikamwambia hamna shida. Kazini nilikatwa nusu siku.

Huyo mama ni msomaji wenu mzuri. Ndo aliyeniazima lile gazeti la Jumamosi, akasema dada soma hii utacheka, huyu mwandishi anajua kuchekesha. Na ndo maana naandika, kwa sababu nilimrudishia gazeti nikamwambia kweli nimecheka, na nikarudi ndani nikasahau kupumua mpaka usiku.

Simuombi mwandishi wenu aache kuandika habari zetu. Aandike, ila aulize. Ipo namna, anaweza kupita kwenye korido yoyote yenye taa za kujiwasha usiku wa manane akaangalia nani anapita gizani, akamsalimia. Na ile alama ya kucheka pale kwenye mambo ya kufuli aiondoe, hata kwenye ile ya mtandaoni tu.

La mwisho ni tangazo langu. Mama amelikata amelibandika kwenye fremu ukutani pale sebuleni, nililiona kutoka nje, dirishani. Bibi amenikataza kusogea zaidi ya dirisha na namuelewa, tena siku ile niliondoka kabla hajageuka. Lakini nilisoma. Mmeandika nimefariki nikiwa na umri wa miaka 22. Nilikua na 23, nilitimiza siku nne kabla, na mama alinikatia keki yeye mwenyewe kwahiyo kila akipita hapo anaona mmekosea na hana wa kumwambia. Naomba mrekebishe umri, hata kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Sehemu nyingine ya lile tangazo iacheni kama ilivyo.

Ni mimi,
Mwenye gauni la njano